Jukwaa Lisiloruhusu Siasa: Miondoko na Maleba ya Eurovision Tangu 1956

Kanuni za shindano la nyimbo la Eurovision zinakataza maneno, hotuba na ishara za kisiasa jukwaani. Kwa sisi tunaosomesha siasa, katazo la namna hii ni mwaliko. Palipo na katazo pana jambo linaloogopwa, na jambo linaloogopwa halikosi mtu wa kulitafutia mlango wa nyuma. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba mlango huo, kwa takriban miaka 70, umekuwa mwili wenyewe: namna mwimbaji anavyosimama, anachovaa, mwanga unapomwangukia, nani anacheza nyuma yake, na hata kitambaa alichojifunga kwenye kifundo cha mkono. Wachambuzi wa siasa za Ulaya husoma hotuba na mikataba. Ni wachache wanaomsoma mpangaji wa miondoko, ambaye jina lake hupita upesi mwishoni mwa kipindi.

Kwa wasomaji wangu ambao hawajapata kulitazama shindano hili, nieleze kwa ufupi. Mashirika ya utangazaji ya umma yaliyo wanachama wa Umoja wa Utangazaji wa Ulaya hupeleka wimbo mmoja kila moja, kwa jina la nchi yake. Wimbo usizidi dakika tatu. Watu jukwaani wasizidi sita. Mwimbaji mkuu lazima aimbe kwa sauti yake papo hapo. Wanyama hai hawaruhusiwi. Baina ya wimbo na wimbo mafundi wana chini ya dakika moja kuondoa vifaa vya nchi moja na kusimika vya nchi nyingine, huku watazamaji nyumbani wakionyeshwa filamu fupi ya kuwashughulisha. Ndani ya mipaka hiyo myembamba mataifa hujieleza mbele ya mamilioni ya watu, na nchi ndogo hupewa dakika zile zile tatu anazopewa mkubwa. Sijui baraza jingine la kimataifa lenye usawa wa saa kiasi hicho.

Mwanzo wake haukuwa na shamrashamra. Mwezi Mei 1956, katika mji wa Lugano nchini Uswisi, nchi saba zilileta nyimbo mbili mbili, na shindano lenyewe lilikuwa zaidi kipindi cha redio kilichowekewa kamera kwa ajili ya wachache waliomiliki televisheni. Waimbaji walitakiwa kuwa mmoja mmoja. Lys Assia wa Uswisi, aliyeshinda, alisimama mbele ya kipaza sauti na kuimba. Okestra ilikuwa kando na mikono ya kiongozi wake ndiyo miondoko pekee iliyokuwapo. Mwaka uliofuata, mjini Frankfurt, wawili waliruhusiwa, na mara moja mwili ukadai haki yake: Birthe Wilke na Gustav Winckler wa Denmark walimaliza wimbo wao kwa busu lililodumu sekunde nyingi kuliko ilivyotarajiwa. Husimuliwa kwamba fundi aliyepaswa kuwapa ishara ya kuachana alisahau. Mwaka huo huo Mwitaliano Nunzio Gallo aliimba kwa zaidi ya dakika tano, na kikomo cha urefu wa wimbo kikaanza kusimamiwa kwa ukali.

Naruka haraka hadi 1974, kwa sababu mwaka huo una mambo mawili yanayopaswa kusomwa pamoja na ambayo kwa kawaida husomwa mbalimbali. La kwanza linajulikana na kila mpenzi wa muziki: tarehe 6 Aprili, mjini Brighton, kundi la ABBA kutoka Sweden lilishinda kwa wimbo uliokopa jina la vita vya Waterloo. Kanuni ya kuruhusu makundi ya hadi watu sita ilikuwa na miaka mitatu tu. ABBA waliielewa kabla ya wengine. Walikuja na viatu virefu, satini inayometameta, gitaa lenye umbo la nyota, na kiongozi wa okestra, Sven-Olof Walldoff, akaingia amevaa kama Napoleon. Mzaha huo mdogo ulikuwa na akili nyingi. Hata mtu aliyekaa kando, ambaye kazi yake ilikuwa kupunga kijiti, aliingizwa katika hadithi ya wimbo. Upangaji wa jukwaa kama tunavyoujua leo, ambamo hakuna kitu kinachoonekana bila kukusudiwa, naona ulianza kwa kofia ile.

La pili lilitokea kwa kijana Mreno aliyeimba usiku ule ule na kushika nafasi ya mwisho pamoja na wengine watatu, kwa alama tatu. Paulo de Carvalho aliimba wimbo wa mapenzi yaliyokwisha. Hakuwa na wachezaji wala maleba ya kukumbukwa. Siku 18 baadaye, tarehe 24 Aprili, saa tano kasoro dakika tano usiku, redio moja ya Lisbon iliupiga wimbo huo, na maofisa wa jeshi waliokuwa wakisubiri wakajua kwamba wajiandae. Baada ya saa sita usiku wimbo wa pili, wa José Afonso, ukapigwa na redio nyingine, na vifaru vikatoka kambini. Hayo ndiyo Mapinduzi ya Mikarafuu yaliyouangusha udikteta wa karibu nusu karne.

Kwa nini walichagua wimbo ule? Kwa sababu haukumshtua mtu. Ulikuwa umepigwa mara nyingi, ulikuwa umeiwakilisha nchi, na mdhibiti wa redio hakuwa na sababu ya kuinua kichwa. Nawaomba wasomaji wa ukanda wetu watue hapa kidogo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau ndivyo vilivyowachosha maofisa hao. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake walipita Kongwa na Nachingwea, na Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu Dar es Salaam mwezi Februari 1969. José Afonso mwenyewe alikuwa amefundisha shule Msumbiji katika miaka ya 60. Miezi 14 baada ya ishara ile ya redio, tarehe 25 Juni 1975, Msumbiji ikawa huru. Wimbo ulioshindwa Brighton haukumkomboa mtu; bunduki na jasho la watu wa Cabo Delgado vilifanya hivyo. Lakini ulikuwa miongoni mwa funguo zilizogeuzwa usiku ule, na uliweza kugeuka kwa kuwa ulionekana hauna siasa hata chembe. Nimewahi kuwauliza wanafunzi wangu ni wimbo upi wa Eurovision ulio wa kisiasa kuliko yote, na hakuna aliyewahi kuutaja huu.

Mwaka 1981, Dublin, Waingereza walithibitisha kwamba tendo moja la mwili linaweza kubeba wimbo mzima. Bucks Fizz walikuwa wanaume wawili na wanawake wawili, wakicheza miondoko iliyopangwa na Chrissie Wickham. Katikati ya wimbo wanaume waliwavua wanawake sketi zao ndefu, na chini yake zikaonekana fupi. Sekunde moja. Walishinda kwa alama 136 dhidi ya 132 za Ujerumani, na si uzushi kufikiri kwamba tofauti hiyo ya alama nne ilikuwa ndani ya sketi. Mwenye kutaka kulaumu alaumu; mwili wa mwanamke ulifanywa kishindo cha kibiashara, na kwa miaka mingi baadaye kila nchi ilitafuta sketi yake. Marie N wa Latvia, aliyeshinda Tallinn mwaka 2002, naye alivuliwa hatua kwa hatua, ila yeye aliingia akiwa na suti na kofia ya kiume, na kilichoanguka sakafuni kilikuwa vazi la mwanamume. Huenda nimemsoma kwa ukarimu. Hata hivyo naona kejeli pale.

Onyesho lililobadilisha kila kitu halikuwa hata la shindano. Tarehe 30 Aprili 1994, Dublin kwa mara nyingine, Ireland ilikuwa mwenyeji na ilihitaji kitu cha kujaza dakika saba wakati kura zikihesabiwa. Mtayarishaji Moya Doherty aliagiza muziki kwa Bill Whelan na dansi kwa Michael Flatley na Jean Butler. Ngoma ya jadi ya Kiirishi, kama ilivyokuwa ikifundishwa na kushindanishwa, iliuweka mwili wa juu kama ubao: mikono imenyooka ubavuni, uso hauna habari, miguu peke yake ndiyo inayofanya kazi. Wapo wanaoeleza ugumu huo kwa mamlaka ya kanisa, wapo wanaoueleza kwa nidhamu ya mashindano. Sitaamua ugomvi huo hapa. Flatley aliinua mikono. Ukitazama filamu ile leo, tazama mikono yake na kifua chake, kisha tazama mstari wa wachezaji unaoingia mwishoni, miguu yao ikipiga sakafu kwa pigo moja. Ukumbi ulisimama wote. Wachezaji wakuu wote wawili walizaliwa Marekani, wana wa wahamiaji waliorudi kuionyesha nchi ya wazee wao jinsi ya kucheza ngoma yake bila haya. Riverdance ikawa onyesho la kuzunguka dunia kuanzia 1995. Wimbo ulioshinda usiku ule, ambao pia ulikuwa wa Ireland, unakumbukwa na wachache.

Kisha mambo yakaenda kasi. Okestra ilipigwa kwa mara ya mwisho Birmingham mwaka 1998; kura za simu zilichukua nafasi ya majaji katika nchi nyingi; nchi za Ulaya ya Mashariki ziliingia kwa wingi; lugha ikaachwa huru, na wengi wakakimbilia Kiingereza. Pale ilipokaa okestra pakabaki nafasi tupu, na nafasi hiyo ikajazwa na wacheza shoo, moshi, mashabiki ya upepo na skrini. Lugha ya mama ilipoondoka katika wimbo, utaifa ulihamia katika maleba. Mfano wake bora ni Ruslana wa Ukraine, Istanbul, Mei 2004: ngozi na manyoya, baragumu ndefu za milimani, wachezaji wanaokanyaga kwa kishindo, vyote vikidai kutoka kwa Wahutsul wa milima ya Carpathia. Mwanaanthropolojia angekunja uso, maana ngozi zile zilitokana zaidi na sinema kuliko kijiji. Lakini nchi iliyokuwa ikitajwa siku zote kama kivuli cha jirani yake ilisimama na kujitambulisha kwa miguu. Miezi sita baadaye, uchaguzi wa rais ulipochakachuliwa, Ruslana alikuwa pamoja na waandamanaji wa Kyiv katika yale yaliyoitwa Mapinduzi ya Chungwa, na mwaka 2006 akaingia bungeni. Sisemi ngoma ilizaa mapinduzi. Nasema uso uliojulikana jukwaani ulitumika barabarani.

Urusi nayo iliisoma alama hiyo, na ilikuwa na fedha. Mwaka 2008, Belgrade, Dima Bilan aliimba akiwa amezungukwa na bingwa wa Olimpiki wa kuteleza, Evgeni Plushenko, katika kiwanja kidogo kilicholetwa jukwaani, na Edvin Marton akipiga fidla ya Stradivarius. Alishinda. Hapo ndipo ule usawa wa dakika tatu nilioutaja unapoanza kuvuja: saa ni moja kwa wote, lakini kinachoweza kuwekwa ndani yake kinategemea mfuko. Shirika la nchi ndogo linalokopa nauli haliwezi kuleta bingwa wa Olimpiki na fidla ya karne tatu. Mwaka uliofuata, Moscow ikiwa mwenyeji, Georgia ilipeleka wimbo ambao kiitikio chake, kwa mchezo wa matamshi ya Kiingereza, kilisikika kama kinamkataa Putin. Ilikuwa miezi michache tu baada ya vita vya Agosti 2008. Waandaaji wakaitaka ibadili maneno au wimbo, Georgia ikajitoa. Neno lilikamatwa mlangoni, ilhali nguvu ya dola iliyovaa viatu vya kuteleza ilipita na kupigiwa makofi.

Baku, 2012, ni mfano ninaourudia kila mwaka darasani. Ukumbi mpya ulijengwa ufukweni kwa ajili ya shindano, na Human Rights Watch ilieleza jinsi familia za eneo lile zilivyotolewa kwa nguvu na nyumba zao kubomolewa. Loreen wa Sweden, mwenye wazazi wenye asili ya Morocco, alikwenda kukutana na watetezi wa haki wa huko, jambo lililoikera serikali. Usiku wa fainali hakusema lolote. Miondoko yake, iliyopangwa na Ambra Succi, ilikuwa kinyume cha ukumbi ule: giza, peku, nywele usoni, mwili ulioinama karibu na sakafu kama mtu anayetafuta kitu gizani, theluji ikishuka, na mchezaji mmoja tu anayetokea kuelekea mwisho. Katika jengo lililokusudiwa kung'arisha sura ya mtawala, alikataa mwanga. Kama hiyo ilikuwa hotuba, hakuna kifungu cha kanuni ambacho kingeweza kuinukuu.

Stockholm, 2016, fedha na utulivu vilikutana ana kwa ana. Sergey Lazarev wa Urusi, chini ya mpangaji Mgiriki Fokas Evangelinos, alipanda ukuta uliogeuka mabawa, mawe na anga kwa nguvu ya picha za kompyuta, na kila hatua ilipaswa kuoana na picha kwa sehemu ya sekunde. Jamala wa Ukraine alisimama. Wimbo wake ulihusu kuhamishwa kwa nguvu kwa Watatari wa Crimea mwaka 1944, na uliruhusiwa kwa hoja kwamba ni historia, miaka miwili tu baada ya Urusi kuitwaa Crimea. Chini ya miguu yake mwanga ulichora mizizi, na mwishoni ukawa mti. Watazamaji walimpa Lazarev kura nyingi zaidi, 361 kwa 323 za Jamala. Majaji wakageuza mambo, na Jamala akashinda kwa jumla ya alama 534. Mabishano hayajaisha. Langu ni dogo: kazi ya Lazarev ni hodari na nikiitazama nashangaa, ya Jamala nikiitazama nauliza ni nani waliosimama pale kabla yake.

Msomaji wa pwani yetu huenda anaona kitu alichokwisha kukijua. Beni, ngoma iliyozaliwa katika miji ya pwani mwishoni mwa karne ya 19 na ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilikuwa na pande zinazoshindana, Marini na Arinoti, zenye sare za kijeshi, vyeo na gwaride. Maofisa wa Kiingereza walijikuna vichwa: je, hawa wanatuiga kwa kutuheshimu, wanatucheka, au wanajipanga? Walichunguza na kuandika ripoti. Tatizo la waandaaji wa Eurovision na tatizo la ofisa wa wilaya ni moja. Maneno huweza kutafsiriwa na kufutwa kwa kalamu. Gwaride huweza kuwa mambo matatu kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana napenda sana kazi ya Konstrakta wa Serbia, Turin 2022, mwaka ambao Urusi ilikwisha kufukuzwa na Kalush Orchestra ya Ukraine ikashinda kwa huruma na kwa haki. Konstrakta aliketi mbele ya beseni na kunawa mikono kwa dakika tatu. Wenzake watano walisimama nyuma na taulo, kama mashemasi. Wimbo ulizungumzia msanii asiye na bima ya afya katika dunia inayoabudu nywele zenye afya. Beseni, maji, taulo: bajeti ya bafuni. Akawa wa tano.

Malmö, Mei 2024, katazo lilifika kwenye ngozi. Bambie Thug wa Ireland alijichora mwilini kwa ogham, maandishi ya kale ya Kiirishi yaliyo mistari mitupu, akiandika wito wa kusitisha vita na uhuru wa Palestina; alisema aliamriwa kuyabadili kabla ya kupanda jukwaani. Israel kwa upande wake ilitakiwa kubadili wimbo wake wa kwanza, ulioonekana kuzungumzia shambulio la Oktoba 2023, ikaubadili na kushiriki. Eric Saade, Mswidi ambaye baba yake ana asili ya Palestina, alifungua nusu fainali akiwa amejifunga kitambaa cha keffiyeh kwenye kifundo cha mkono, na waandaaji wakatoa tamko la kusikitishwa. Fikiria kazi ya ofisi hiyo: imeanza kwa kukagua mashairi, sasa inatafuta mtaalamu wa maandishi yaliyokufa na inapima urefu wa kitambaa.

Mwaka 2025, Basel, JJ wa Austria alishinda akiwa ndani ya mashua inayopigwa na dhoruba, picha nzima ikiwa nyeusi na nyeupe. Mpangaji wake alikuwa Sergio Jaén, yule yule aliyepanga onyesho la Bambie Thug mwaka mmoja kabla. Kanuni mpya ya bendera ilikuwa imetangazwa: wasanii waliruhusiwa kubeba bendera rasmi ya nchi yao peke yake, na watazamaji waliokaa chini waliruhusiwa kupeperusha bendera yoyote ambayo sheria za Uswisi hazikuikataza.